Gari la zamani lisilochaji: Kasoro hutafutwa kwa mita, si kwa betri mpya

MAGARI ya zamani hayajatoweka katika barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga. Kati ya Diani, Ukunda, Gazi na Msambweni, bado huonekana Peugeot 504, Land Rover za Series na Volkswagen Beetle, baadhi yakiwa na umri unaozidi miaka 40. Yapo yanayofanya kazi kila siku, na yapo yanayotunzwa kwa mapenzi tu ya wenyewe.

Ni magari yenye sifa ya uvumilivu. Volkswagen Beetle ilishinda mashindano ya Safari Rally miaka ya 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, na 504 ikafuata mwaka 1975 na 1978. Tangu mwaka 2003, magari ya rika hilo yamekuwa na mashindano yake, East African Safari Classic.

Hata hivyo, uvumilivu wa injini hausaidii kitu iwapo betri imekufa. Mwenye gari huzungusha ufunguo asubuhi, stata ikatoa mlio mmoja mdogo, kisha kukawa kimya. Wengi hukimbilia dukani kununua betri mpya. Betri hiyo hufanya kazi wiki moja au mbili, na baadaye hali hurudi ile ile. Pesa zimekwenda, kasoro imebaki.

Sababu ni kwamba betri haizalishi umeme. Betri ni ghala, na ghala lisilojazwa huisha hata likiwa jipya. Kinachotakiwa kuchunguzwa kwanza ni njia inayolijaza, yaani mfumo wa kuchaji.

Sehemu za mfumo

Mfumo wa kuchaji wa gari la zamani una mambo matano ya msingi: betri, mtambo wa kuzalisha umeme, kidhibiti volti ambacho mafundi hukiita regulata, mkanda wa feni unaozungusha mtambo huo, na waya pamoja na viungo vyake.

Mtambo wenyewe ni wa aina mbili. Magari mengi yaliyoundwa kabla ya miaka ya 1970 yalitumia dainamo. Yaliyofuata yalitumia alteneta, ambayo huchaji hata injini ikizunguka polepole. Land Rover, kwa mfano, ilianza kufungwa alteneta kwa jumla ilipotoka Series III mwaka 1971.

Tofauti hiyo ni muhimu. Dainamo haichaji injini ikizunguka taratibu, hivyo taa nyekundu ya dashibodi kumetameta gari likiwa limesimama si ugonjwa. Kwa alteneta, taa hiyo ikimetameta ni ishara ya kasoro.

Kabla ya kupima chochote, ni lazima pia kujua aina ya umeme wa gari. Volkswagen nyingi za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa na umeme wa volti 6, si 12. Land Rover za Series II na za mwanzo za Series IIA zilitoka kiwandani ncha chanya ya betri ikiwa ndiyo inayofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Anayefunga betri kinyume katika gari lenye alteneta huunguza dayodi, yaani vile vipande vinavyouruhusu umeme kupita upande mmoja tu.

Chumvi ya bahari

Pwani ya kusini ina adui wake. Upepo wa Kusi na wa Kaskazi huvuma kutoka baharini mwaka mzima, ukibeba unyevu wenye chumvi. Chumvi hiyo hutua juu ya vyuma na kuingia katika viungo vya waya. Shaba hufanya kutu ya kijani, chuma hufanya kutu nyekundu, na risasi ya betri huota unga mweupe.

Gari linalolazwa ufuoni mkabala na Kisiwa cha Chale huathirika zaidi. Wageni wa kisiwa hicho huacha magari bara na kuvuka kwa boti au, maji yakipwa, kwa trekta. Gari linaweza kukaa hapo siku kadhaa bila kuwashwa, huku upepo wa mikoko na bahari ukilipuliza usiku na mchana.

Kutu katika kiungo haikati umeme moja kwa moja. Huupunguza. Taa ndogo zitawaka na redio italia, kwa kuwa zinahitaji umeme kidogo. Lakini stata inayovuta zaidi ya ampea 100, au alteneta inayotaka kuijaza betri, hukwama hapo. Ndiyo maana kasoro nyingi za kuchaji katika eneo hili huwa kwenye viungo, wala si kwenye mitambo inayobadilishwa kwa gharama kubwa.

Joto nalo lina mchango wake. Betri ya asidi hupoteza umeme wake haraka zaidi mahali penye joto hata isipotumika, na umri wake huwa mfupi kuliko katika maeneo ya baridi.

Hatua ya kwanza: Taa nyekundu

Uchunguzi huanza kwenye dashibodi. Ufunguo ukizungushwa kabla ya kuwasha injini, taa nyekundu ya kuchaji inapaswa kuwaka. Injini ikishika na kuongezwa mafuta kidogo, inapaswa kuzimika kabisa.

Isipowaka kabisa, huenda balbu imeungua, waya umekatika au makaa ya alteneta yamekwisha. Jambo hili hupuuzwa mno. Katika magari mengi yenye alteneta za zamani, umeme mdogo unaopita katika balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta ianze kuzalisha. Balbu ikifa, alteneta nzima inaweza kusinzia, na mwenye gari akaambiwa anunue nyingine.

Taa ikibaki inawaka wakati injini inazunguka, hakuna umeme unaozalishwa. Ikiwaka kwa mwanga hafifu, kuna dayodi mbovu au kiungo chenye kutu.

Hatua ya pili: Macho na mikono

Injini ikiwa imezimwa, mkanda wa feni ubonyezwe kwa kidole katikati ya sehemu yake ndefu. Unapaswa kulegea kiasi cha sentimita moja hadi moja na nusu. Ukilegea zaidi huteleza, hasa taa zikiwashwa, na mara nyingi hulia. Ukikazwa kupita kiasi huua beringi.

Kisha vishikizo vya waya kwenye betri vifunguliwe, hata kama kwa nje vinaonekana safi. Kwanza hufunguliwa ule uliofungwa kwenye bodi, na wakati wa kurudisha huo ndio wa mwisho. Unga mweupe huoshwa kwa maji ya moto yaliyoyeyushwa magadi, kwa uangalifu yasiingie ndani ya betri. Baada ya kukauka, ncha na vishikizo husuguliwa kwa msasa hadi ving'ae, vikazwe, na kupakwa grisi au vaselini juu yake kuzuia hewa ya chumvi.

Waya wa betri unaokwenda kwenye bodi, na ule unaounganisha injini na bodi, ifunguliwe na kusafishwa vivyo hivyo. Mahali inapokutana na chuma pawe chuma kitupu, si rangi wala kutu.

Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Sigara na cheche ziwe mbali, na asidi ikigusa ngozi au jicho ioshwe mara moja kwa maji mengi.

Hatua ya tatu: Betri ikiwa imetulia

Kuanzia hapa inahitajika mita ya volti, chombo kidogo kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme kwa bei iliyo chini sana ya betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, taa kubwa ziwashwe kwa dakika mbili, zizimwe, kisha mita iwekwe kwenye ncha mbili za betri.

Kwa gari la volti 12, betri iliyojaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.4 imebakiwa na takriban robo tatu ya nguvu zake, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni kama robo. Kwa gari la volti 6, hesabu hizi hugawanywa kwa mbili.

Betri iliyojaa ijaribiwe kwa stata. Mtu mmoja azungushe ufunguo huku mwingine akisoma mita. Ikishuka chini ya volti 9.6 wakati stata inazunguka, betri yenyewe ni dhaifu na hapo ndipo kuinunua nyingine kunapokuwa na maana.

Hatua ya nne: Injini ikizunguka

Injini iwashwe na kuongezwa mafuta hadi mwendo wa wastani, mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Kwenye ncha za betri, mita inapaswa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.4. Kisha taa kubwa ziwashwe. Kipimo kinaweza kushuka kidogo, lakini kisipungue 13.5.

Mita ikibaki palepale ilipokuwa kabla ya kuwasha injini, gari halichaji. Ikipanda na kuvuka volti 15, gari linachaji kupita kiasi: maji ya betri hukauka na balbu huungua mara kwa mara. Mara nyingi kosa huwa la regulata, au regulata kutoshika vizuri kwenye bodi. Katika dainamo za Lucas, kutu chini ya waya wa bodi wa regulata yatosha kuleta balaa hilo.

Hatua ya tano: Umeme unaopotea njiani

Hiki ndicho kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka, nacho ndicho chenye faida kubwa zaidi katika hewa ya chumvi. Injini ikizunguka kwa mwendo wa wastani na taa zikiwa zinawaka, mita iwekwe si kwenye betri pekee bali kati ya ncha ya kutolea umeme ya alteneta na ncha chanya ya betri. Kipimo kisizidi volti 0.5, na kikiwa chini ya 0.3 ni bora.

Baada ya hapo mita iwekwe kati ya ganda la alteneta na ncha hasi ya betri. Hapa kisizidi volti 0.2.

Mfano utaonyesha uzito wa jambo hili. Alteneta inaweza kuzalisha volti 14.2 barabara, lakini volti moja ikapotea kwenye viungo vyenye kutu. Betri itapokea 13.2 tu, na haitajaa kamwe hata gari likisafiri hadi Nairobi na kurudi. Fundi asiyepima atabadilisha betri, kisha alteneta, na kasoro itakuwa palepale kwenye boliti moja.

Hatua ya sita: Umeme unaovuja usiku

Iwapo gari linachaji vizuri lakini betri hufa likiwa limeegeshwa, kuna kitu kinachokula umeme kwa siri. Kila kitu kizimwe na milango ifungwe. Waya wa bodi ufunguliwe kwenye betri, na mita ikiwa kwenye kipimo cha ampea iwekwe kati ya waya huo na ncha yake. Katika hali hiyo stata isizungushwe kabisa, maana mita itaungua.

Gari la zamani lisilo na saa wala vifaa vya kisasa linapaswa kusoma karibu sifuri. Zaidi ya ampea 0.05 ni dalili ya kuvuja. Fyuzi zing'olewe moja baada ya nyingine hadi kipimo kishuke. Fyuzi iliyokishusha ndiyo njia ya mwizi. Kipimo kisiposhuka, alteneta ishukiwe. Ikiwa ganda lake ni la vuguvugu ilhali gari limelala saa nyingi, dayodi yake inavujisha.

Ampea 0.5 huonekana kitu kidogo. Lakini kwa saa 24 ni ampea-saa 12. Betri ya ampea-saa 45 iliyoachwa ng'ambo ya Chale tangu Ijumaa hadi Jumatatu itakuwa imepoteza 36, na gari halitawaka. Kwa anayeacha gari siku kadhaa, kinga iliyo rahisi ni kuufungua waya wa bodi na kuuweka kando.

Kupima dainamo

Dainamo ya Lucas, kama ile ya Land Rover za zamani, ina jaribio lake. Waya zake mbili, za ncha zenye herufi D na F, hufunguliwa. Ncha hizo mbili huunganishwa kwa kipande cha waya, na mita huwekwa kati yake na bodi. Injini ikiongezwa mwendo polepole, volti zinapaswa kupanda upesi. Zisiachwe zivuke 20.

Mita isiposoma kitu, makaa ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Ikisoma karibu volti 1, koili za ndani zisizozunguka zina hitilafu. Ikisoma karibu 5, hitilafu iko kwenye sehemu inayozunguka. Ikipanda vizuri, dainamo ni nzima na wa kulaumiwa ni regulata au waya. Jaribio hili lisitumiwe kwa dainamo za Bosch zilizofungwa kwenye Volkswagen, ambazo zimeunganishwa kwa namna nyingine.

Ikumbukwe pia kwamba dainamo hizo zina kikomo. Lucas C40 hutoa ampea 22 pekee. Gari lililoongezewa balbu kali za wati 55, redio ya kisasa na spika kubwa linaweza kudai kuliko hapo, na hakuna ukarabati utakaoziba pengo hilo isipokuwa kupunguza matumizi.

Desturi ya kuachwa

Kuna desturi iliyozoeleka kando ya barabara. Injini ikizunguka, betri huchomolewa ghafla. Gari lisipozimika, hutangazwa kwamba alteneta ni nzima. Desturi hii ni hatari. Betri ndiyo inayotuliza volti za mfumo. Ikiondolewa, volti huruka juu kwa ghafla na kuunguza dayodi, regulata na redio. Alteneta iliyokuwa nzima inaweza kuuawa na jaribio lenyewe. Isitoshe, gari kutozimika hakuthibitishi kwamba volti zinazozalishwa zinatosha.

Taa ikiwaka safarini

Taa nyekundu ikiwaka barabarani, jambo la kwanza ni mkanda. Katika Volkswagen Beetle, mkanda unaozungusha dainamo ndio huohuo unaozungusha feni ya kupoza injini. Ukikatika, gari lisimamishwe papo hapo, la sivyo injini itaungua. Katika magari mengi yanayopozwa kwa maji, mkanda huo huzungusha pia pampu ya maji, hivyo onyo ni lile lile.

Mkanda ukiwa mzima, dereva azime kila kisichohitajika na aelekee kwa fundi bila kuzima injini. Hesabu ya safari ya usiku ni hii: taa mbili kubwa za wati 45 huvuta ampea 7.5, koili ya injini kama 4, na taa ndogo kama 2. Jumla ni 13.5. Betri ya ampea-saa 45 iliyochakaa hadi nusu itadumu, kwa hesabu ya ukarimu, kama saa moja na nusu. Mvua ikinyesha na vifuta kioo kuwashwa, muda huo hupungua.

Kutoka Gazi hadi Likoni ni takriban kilomita 50. Gari kama hilo huenda likafika, na hapo ndipo lilipo tatizo. Injini inayozunguka huridhika na ampea chache, lakini stata hudai zaidi ya 100. Dereva atakayezima injini kwenye foleni ya feri atagundua kwamba alikuwa akila akiba njia nzima, tena magari yaliyo nyuma yake yakimpigia honi.

Kasoro hiyo ingeonekana kwenye mita wiki kadhaa kabla, kama tofauti ya volti moja tu. Kusafisha viungo vya waya kabla ya masika na baada yake, na kusoma mita mara moja kwa mwezi, huchukua muda usiozidi saa moja. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika magari haya ukuta huo hujengwa kwa betri mpya kila baada ya miezi michache.